Nipe Mji

Saa kumi na robo alfajiri simu inalia Riga,
na Vizma Strautmane anaipokea kabla hajavaa miwani.
Ni Ģirts, kutoka Silmala,
mji wa watu elfu nne na bomba moja la maji ya moto.
Seva imekufa macho wazi, anasema.
Kila faili lina jina lake bado,
ila mwishoni limeota mkia wa herufi tano.

Kazi ya Vizma ni daftari.
Zimamoto ana ngazi, mganga ana sindano;
yeye ana safu: tarehe, mkia, barua, mlango ulioingiliwa,
na ile nyembamba ya mwisho, ya ufunguo,
ambayo ukurasa baada ya ukurasa ni nyeupe.

"Nitumie mafaili mawili, moja zima, moja lililoliwa.
Na barua yao. Usiwajibu. Usizime mashine."
"Nimeshazima. Nilidhani inaungua."
Vizma ananyamaza.
Mwaka wake wa kwanza alichomoa waya, kisha akalia.

Katika lugha ninayoandikia, mtega kitendawili
akiona umeshindwa hakupi jibu bure.
Nipe mji, husema,
nawe unampa mji wowote, hata usioufika,
anautembea kwa maneno, anakula, anashiba, ndipo afumbue.
Barua hii nayo ni hivyo hivyo,
ila mji inaoutaka una mabomba, una wagonjwa,
una bibi wa ghorofa ya tano anayelala na koti.
Na ya kufumbua, nani aliapa?

Wenyewe hujiita simba, hujiita joka.
Vizma hawapi raha hiyo.
Huwapa nambari na jina la uyoga,
kwa kuwa bibi yake, msituni, Septemba moja,
alimpiga kofi la mkono: usitazame kofia, geuza.
Chini ya kofia ndiko uongo unakoishia.

Basi anageuza.
Mkia ni mpya. Barua imeandikwa upya, ina adabu, ina hata saa za kazi.
Lakini kuna koma kabla ya kila "na",
halafu ile namna ya kula.
Huyu ana haraka. Diski za seva ni kubwa, usiku ni mfupi;
hung'ata kichwa, kiwiliwili hukiruka.
Karatasi ya mia mbili na sita. Zahanati ya meno, miaka miwili nyuma.
Ni yule yule, amebadili kofia.

"Namjua," anamwambia Ģirts.
"Utatufungulia?"
"Nimesema namjua."

Hata hivyo kiwiliwili ni kitu.
Siku tatu wanaunga vipande kwa vipande,
ya nne mabomba ya Silmala yanagugumia,
bibi wa ghorofa ya tano anavua koti.
Madeni ya maji yanarudi yote; hakuna aliyepiga makofi.
Daftari la makaburi linarudi bila kichwa:
kuanzia A hadi K, wafu hawapo.

Kwa hiyo Jumamosi Ģirts yuko makaburini
na penseli, maana wino umeganda,
anafuta theluji kwa kiganja, jiwe baada ya jiwe,
Apsītis, Balode, Dambis,
anamsimamisha mjane aliyebeba mshumaa:
samahani mama, huyu wako, i yake ni fupi au ndefu?

Na huko Riga, chini ya mia mbili na sita, Vizma anaongeza mstari.
Mkia: mpya. Mlango: nywila ya fundi aliyestaafu.
Kwenye safu nyembamba anaandika "nusu",
analitazama neno,
anachukua kifutio,
anakirudisha mezani.